Mgongo wa Bwana Osaze

Fransiska Tluway alikuwa anatafuta mgongo wa mwanaume, na mahali pazuri pa kutafutia kitu hicho ni mnadani Katesh, kwa sababu pale wanaume wote wanaangalia ng'ombe na hakuna anayekuangalia wewe.

Alipita katikati ya vumbi na mikia akiwa amevaa gauni la njano la kitenge, viatu vya wazi ambavyo alivijutia baada ya hatua kumi, na tepu ya kupimia shingoni. Migongo ilikuwa tele. Mmoja ulikuwa umepinda, mwingine mwembamba kama ubao wa kupigia pasi, wa tatu ulikuwa mzuri kabisa lakini mwenyewe aligeuka na alikuwa mwalimu wake wa darasa la sita, ikabidi amwamkie shikamoo na kuulizwa habari za nyumbani.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Wiki mbili nyuma walikuja watu kutoka Lagos, Nigeria, kutengeneza filamu ya mapenzi ya kuchekesha. Bwana tajiri wa mjini kwao anampenda binti aliyekutana naye kwenye ndege, anamfuata mpaka kijijini kwao chini ya Mlima Hanang, na baba wa binti anasema hatoi mtoto mpaka huyo tajiri achunge ng'ombe wiki nzima. Mpaka hapo sawa. Shida ni kwamba Osaze, bwana wa kuigiza tajiri, kijana mzuri mwenye meno ya kutangazia dawa, aliogopa ng'ombe. Siku ya kwanza ndama alimnusa mkono, naye alikimbilia ndani ya gari na kufunga vioo.

Dairekta, mama mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, aliitwa Ebiere. Alimwita Fransiska, ambaye alikuwa amepewa kazi ya kushona na kurekebisha nguo za filamu, akamwambia kwa Kiingereza cha taratibu: nenda kaniletee mwanaume ambaye kwa nyuma ni Osaze. Kwa mbele awe vyovyote.

Ndipo alipouona. Mgongo ulikuwa umesimama kando ya fahali mwekundu, ndani ya shati la bluu lililopauka. Mabega mapana, shingo imenyooka, kiuno hakijaanza kusahau ujana. Fransiska hakuuliza. Alisogea, akanyoosha tepu, akaipitisha bega kwa bega.

Mwenye mgongo alitulia kidogo. "Dada," alisema bila kugeuka, "unanipimia jeneza?"

"Usigeuke. Ukigeuka unaniharibia kipimo."

"Naruhusiwa kujua nakufa lini?"

"Inategemea. Unaogopa ng'ombe?"

Yule kijana alicheka mpaka fahali akamtazama. Akageuka, kipimo kikaharibika, na Fransiska akagundua kwamba dairekta alikuwa amekosea kusema kwa mbele awe vyovyote. Uso nao ulikuwa na mambo yake. Jicho moja lilicheka kabla ya jingine.

Aliitwa Yonas Gidahosh, Mbarbaig, mfugaji wa kijiji cha Hirbadaw, na fahali yule hakuuzwa siku hiyo.

Kazi ikaanza. Fransiska alishona majoho mawili ya bluu yanayofanana, yale mapana ya Kinijeria wanayoita agbada. Moja la Osaze kuongelea na kutabasamu, jingine la Yonas kuchungia. Kamera ikiwa mbele, Osaze. Kamera ikiwa nyuma na ng'ombe wapo, Yonas. Ivie, dada aliyeigiza binti mpendwa, mrefu, gauni jekundu, sauti ya kitoto, alisema hajawahi kuigiza mapenzi na mtu mwenye vipande viwili.

Kila asubuhi Fransiska alipewa kazi nyingine. Kwa kuwa alifika kidato cha nne na alikuwa na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya korongo, alipewa kipaza sauti na karatasi asome majina ya watu wa kujaza picha: wanawake wa kupita na ndoo, wazee wa kukaa, vijana wa kucheza ngoma. Kazi hiyo ilikuwa inafanyika uwanjani pembeni ya soko, na Katesh nzima ilisikia nani kaja na nani kachelewa.

Mapenzi nayo yakachukua njia yake, na njia hiyo ilikuwa simu. Kwenye simu ya Fransiska jina lilikuwa limeandikwa Mgongo. Kwenye simu ya Yonas liliandikwa Fundi.

"Fundi, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekunywa maziwa. Nyie Wambulu mnakula majani mpaka lini?"

"Mpaka nyie Wabarbaig mjifunze kulima. Lete basi jiko lenu nilione, kama lipo."

"Njoo ulione mwenyewe."

Hilo la mwisho alilisema polepole, na Fransiska akapitisha sindano kwenye kidole chake badala ya kwenye kola.

Jirani wa duka lake la kushonea alikuwa Fausta, mama Mbarbaig aliyeuza vitenge na kusikiliza simu za watu. Fausta ndiye aliyemfundisha mambo. Kwamba kwao mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba wa mume wake. Atalizunguka, atasema yule mzee, mwenye zizi, baba wa fulani, hata akiulizwa na serikali. Fransiska alisikiliza huku anashona, kama mtu asiyehusika.

Lakini kesho yake uwanjani, karatasi mkononi, alifika kwenye majina mawili yaliyofuatana. "Yonas Sulle," alisoma, na sauti ikaenda mpaka stendi. Kisha akanyamaza. Akakohoa. "Na Yonas yule mwingine. Wa ng'ombe."

Wanawake wa ndoo waliangaliana. Kesho yake ikawa "Yonas wa joho la bluu." Siku ya tatu, "Yonas, anajijua." Wanawake wa Kibarbaig wakaanza kuziba midomo kwa shuka zao, mabega yanatikisika. Hakuna aliyemlazimisha. Hajaolewa, hajaposwa, ni Mmbulu wa kijiji cha Daudi, na bado analikwepa jina la mzee wa watu mbele ya kipaza sauti. Yonas alisimama kwenye foleni akitazama miguu yake, masikio yamewaka.

Habari zikafika Hirbadaw. Mzee Gidahosh akawaambia wazee wenzake wafungashe asali ya posa, Jumamosi wanakwenda Daudi kuomba mtoto. Upande wa Daudi haikuwa rahisi hivyo. Mzee Tluway, mkulima wa mahindi na maharage ambaye mpaka leo ana kesi moyoni na ng'ombe waliomlia shamba mwaka ambao Fransiska hakuwa amezaliwa, alisema atawapokea hao wafugaji mara moja tu. Wasipofika siku waliyosema, asisikie tena habari yao. Kwa hiyo Jumamosi ndiyo ilikuwa Jumamosi. Nyingine hakuna.

Basi Jumatano, siku tatu kabla, Osaze akanywa maziwa ya kibuyu. Alisifiwa kuwa ni mwanaume, akaongeza kikombe cha pili, na mchana alikuwa kitandani gesti amejikunja, Fransiska akimpelekea maji ya tangawizi. Akamwacha hapo, akapanda bodaboda kupeleka kilemba kilichosahaulika kule Ziwa Balangida, ambako walikuwa wanapiga picha za ng'ombe.

Ziwa lilikuwa limekauka pembeni, chumvi nyeupe imetandazwa mpaka macho yanauma. Na katikati ya weupe ule, watu wawili tu. Joho la bluu na gauni jekundu. Hakuna kamera, hakuna gari, hakuna hata ng'ombe mmoja wa kusingizia. Walikuwa wamekumbatiana.

Angesema ni Osaze, lakini Osaze alikuwa kitandani, na yeye mwenyewe ndiye aliyepima mabega yale.

Wakaachana. Wakasogea nyuma hatua tano, wakatazamana, wakakumbatiana tena. Mara ya kwanza mtu anaweza kusema alijikwaa. Mara ya pili anaweza kusema upepo. Walipofika mara ya nne, Fransiska alimwambia mwenye bodaboda ageuze, na kilemba kikarudi Katesh bila kuvaliwa.

Jioni simu ikaita. Mgongo. Akaiacha. Ikaita tena, akapokea.

"Fundi, umekuwa kimya."

"Nilikuwa nashona. Leo mlifanya nini huko ziwani?"

Yonas alikohoa kwanza. Kikohozi hicho ndicho kilichomuua. "Aa, tulichunga ng'ombe tu," Yonas alisema. "Ng'ombe tu, mpenzi."

"Sawa," alisema Fransiska. "Wasalimie ng'ombe."

Usiku ulipita kama ulivyopita. Alhamisi asubuhi alisimama uwanjani na blauzi nyeusi, nywele amezibana nyuma, kipaza sauti mkononi. Akasoma Yonas Sulle. Kisha akavuta pumzi.

"Yonas Gidahosh."

Ndoo moja ikaanguka.

"Yonas wa Gidahosh," akaendelea, bila kukohoa. "Mtoto wa Gidahosh, kutoka kwa Gidahosh, Hirbadaw. Kama Yonas Gidahosh yupo, asogee mbele, kama hayupo, ng'ombe wanamsubiri."

Yonas alisogea. Alimtazama mara moja tu, uso umebadilika rangi, kisha akaenda kusimama mahali pake, akamgeuzia mgongo. Kabla ya chai ya saa nne habari ilikuwa Hirbadaw. Mchana mzee Gidahosh alituma neno kwamba asali irudishwe chini ya kitanda, kwa sababu mwanamke amekataa hadharani na Mbarbaig haendi kuomba asipotakiwa. Fausta alimletea Fransiska habari hizo pamoja na kikombe cha uji. "Ulitaka kumchapa kijana," alisema, "umemchapa baba yake." Fransiska alisema hajali. Akashona zipu kichwa chini miguu juu, akaifumua, akaishona tena vilevile.

Ijumaa mchana Ebiere alimwita ukumbi wa kanisa. Walikuwa wametundika shuka jeusi madirishani wapate giza, wakawa wanatazama picha walizopiga wiki ile, na dairekta alitaka fundi athibitishe kama majoho yanafanana. Chumba kilikuwa kimejaa watu wa Lagos wanaotafuna karanga. Yonas hakuwepo.

Kwenye ukuta likatokea ziwa. Chumvi nyeupe, joho la bluu, gauni jekundu. Fransiska alishika kiti.

"Kamera ilikuwa wapi?" aliuliza.

Mpiga picha, aliyejisikia fahari sana, alimwelewesha. Walikuwa juu kwenye kilima, mbali karibu kilometa nzima, na lenzi ndefu kama mkono wa mtu. Hivyo wale wawili wanaonekana wapweke duniani. Osaze alikuwa mgonjwa, na jua la namna ile halisubiri tumbo la mtu, kwa hiyo dairekta alimvuta yule wa ng'ombe dakika ya mwisho. Kwa nyuma tu.

Na yule wa ng'ombe hakuweza. Ukutani Yonas alimshika Ivie kama mtu anayemshika ndama achomwe sindano, mkono mmoja shingoni, mwingine kwenye mbavu, uso umeangalia kando. Sauti ya Ebiere ilisikika kwenye redio ya upepo ikimwomba amshike mwanamke, si mifugo. Wakarudia. Mara ya pili alisimama mbali kiasi kwamba mbuzi angepita katikati. Ivie alicheka mpaka rangi ya macho ikamchuruzika. Wakarudia, na wakarudia, mara kumi na moja kwa jumla.

"Sasa tusaidie," Ebiere alimwambia Fransiska. "Kuna kitu anasema kila mara, hatukielewi. Tunaogopa labda ni laana."

Kwenye kola ya joho lile Fransiska alikuwa ameshona mfuko mdogo wa kuficha maiki. Alishona kwa mkono wake, mishono midogo. Wakaongeza sauti. Upepo ulivuma, chumvi ikapasuka chini ya viatu, kisha ikaja sauti ya Yonas, ndogo, ya mtu anayesali akiwa amebana meno.

"Nisamehe Fundi. Nisamehe Fundi. Ee Mungu, asinione. Nisamehe Fundi."

Mara kumi na moja.

"Anasemaje?" aliuliza Ebiere.

Ukumbi mzima ukasubiri, karanga mdomoni. Fransiska alitafuta Kiingereza, nacho kilikuwa kimetoka nje. "Anaomba msamaha," alisema mwishowe.

"Kwa nani?"

"Kwa aliyeshona nguo."

Ivie, aliyekuwa amekaa mbele amekunja miguu, akageuka polepole akamtazama fundi kuanzia viatu mpaka nywele. Kisha akaanza kupiga makofi, na Lagos yote ikafuata.

Fransiska alitoka nje akiwa amejifunika uso kwa kitambaa. Alicheka, akalia, akacheka. Bado angeweza kumkasirikia Yonas, kwa sababu uongo ulikuwa uongo, ng'ombe tu mpenzi, na hilo angemlipisha kwa miaka. Lakini Jumamosi ilikuwa kesho. Kumpigia Yonas kusingesaidia, maana hakumtaja Yonas tu mbele ya watu. Alikuwa amemtaja na baba yake.

Asubuhi, umande haujakauka, alifunga duka na kupanda bodaboda. Alivaa gauni la kijani la mikono mirefu na kilemba cheupe, na njia nzima alipanga maneno: lenzi, kilima, maiki, tumbo la Osaze. Alipofika Hirbadaw yalikuwa yamepangika vizuri kama vifungo.

Mzee Gidahosh alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya zizi, amevaa shuka la kazi. Alikuwa mrefu hata akiwa amekaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kipaza sauti."

"Ndiye mimi."

"Mimi jina langu halijawahi kufika Katesh peke yake. Wewe umelipeleka kwa umeme." Hakucheka. Fransiska akafungua mdomo atoe lenzi na kilima, mzee akainua kiganja. "Sina shida na kulitaja. Wewe si mke wa hapa, na ni Mmbulu. Hata watoto wa shule wanalitaja. Kilichonishangaza ni zile siku za nyuma. Nilisikia kuna binti wa Kimbulu analizunguka jina langu kama mtu anavyozunguka shimo la maji, na hajatolewa hata mbuzi. Ndipo nikafungasha asali. Sasa nijibu. Siku zile ulizolikwepa, na siku ile uliyolitaja. Lini ulikuwa unasema uongo?"

Maneno yote yaliyopangwa yakadondoka kama vifungo kweli. Ng'ombe mmoja alikuwa anatafuna na kusikiliza.

"Siku niliyolitaja, baba," alisema Fransiska. "Niliumia, nikataka na yeye aumie. Nikachukua jina lako nikalirusha kama jiwe."

"Lilimpata?"

"Lilimpata."

"Ni jina zito," mzee alikubali. Akakuna goti. "Na zile nyingine?"

"Zile hakuna aliyenituma."

Mzee alimtazama kwa muda ambao mtu angeweza kukamua ng'ombe mmoja. Kisha akapaza sauti kwa mke wake aliyekuwa ndani, kwamba mgeni apewe maziwa, na kama anaona vyema atoe lile shuka jekundu la safari, na asali itolewe hapo ilipo, na mtu akawaamshe wale wazee wawili wavivu, kwani Daudi si karibu na Mzee Tluway anahesabu saa.

Hapo ndipo simu ya Fransiska ikaita, kikombe cha maziwa mkono wa pili.

"Fundi, usikate," alisema Yonas, anahema. "Nimesimama hapa mlangoni kwako saa nzima, pamefungwa. Fausta ananiuzia vitenge badala ya kuniambia ulipo. Nilikudanganya. Niliona aibu. Niambie ulipo nije niseme mbele yako."

"Niko nyumbani."

Sauti ikashuka. "Umeenda Daudi. Umeenda kumwambia baba yako asiwasubiri."

"Nimesema Daudi? Nimesema nyumbani. Mama yako amenipa maziwa, na kuna ndama hapa anakula pindo la gauni langu. Huyu ni wako?"

Kule Katesh kulikuwa na kelele za pikipiki na mtu anayetangaza viatu.

"Fundi," alisema taratibu, na lile jicho linalotangulia kucheka lilisikika mpaka kwenye simu. "Hapo ulipo ni kwa nani?"

Fransiska alimtazama mzee. Mzee alikuwa anafunga viatu vyake vya tairi kwa uangalifu mkubwa wa mtu asiyesikia lolote, sikio moja limemwelekea.

"Kwa mwenye zizi."

"Mazizi ni mengi Hirbadaw. Mwenyewe anaitwa nani?"

"Yonas," alisema Fransiska, "panda pikipiki uje. Na usinichokoze mbele ya baba mkwe."